Moteri ya mashini ya kusaga: vyombo gani kikundi kinunue?

Juma hili tunajibu swali la kikundi kimoja cha huku Irumu. Wana mashini ya kusaga muhogo na mahindi. Fundi amewaambia moteri imechoka, lazima ifunguliwe, iwekwe pistoni na ringi mpya. Halafu ameomba wanunue vyombo vya kazi pia. Pesa iliyopo ni ya likirimba, na minervali ya watoto inangoja. Wanauliza: fundi anasema kweli, au anatafuta vyombo vyake kwa pesa yetu?

Kwa maoni yetu anasema kweli nusu.

Tuanze na ringi. Waliojifunza kazi kwa Kifaransa wanaziita segma. Waliojifunza Uganda wanasema ringi. Dukani taja majina yote mawili. Ni pete za chuma, zimekatwa mahali pamoja, zinazunguka pistoni. Zikiwa nje zinatanuka, zinakuwa pana kuliko tundu la silinda. Ndivyo zinavyotakiwa kuwa, ili zisukume ukuta wa silinda, moto usipite nyuma na mafuta yasipande mbele. Lakini ili ziingie, lazima zibanwe zote kwa mara moja. Na chuma chake ni cha kumwaga: kigumu, lakini kinavunjika kama sahani. Fundi anayezisukuma moja moja kwa turnevisi anaweza kuvunja moja bila kusikia. Kipande kinakwaruza silinda, na moteri iliyotengenezwa jana inatoa moshi, inakunywa mafuta, asubuhi inakataa kuwaka. Hapo mnanunua silinda pia.

Basi chombo cha kwanza ni bendi ya kubana ringi. Ni ukanda wa chuma chembamba unaokazwa kwa ufunguo. Kabla ya kwenda sokoni Bunia, mjue moteri yenu. Nyingi za vikundi ni zile za Kichina za silinda moja. Kwenye S195 tundu la silinda ni milimita 95, kwenye R175 ni 75, kwenye S1100 ni 100. Bendi iliyoandikwa 53–125 inatosha kwa zote tatu. Ile ndogo ya pikipiki muiache, hata kama muuzaji anaapa.

Tena angalieni urefu wake. Moteri ya mazutu ina ringi nyingi kuliko pikipiki, na bendi lazima izifunike zote pamoja. Pitisheni kidole ndani: pawe laini, bila kutu, na ukingo usiwe umepinda, kwa sababu ringi inatorokea hapohapo. Kazeni ufunguo, halafu sukumeni bendi kwa kiganja kutoka ndani. Ikilegea yenyewe, mrudishieni mwenye duka.

Kuna aina nyingine, bomba fupi lenye mdomo mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Ni nzuri sana, lakini inafaa kipimo kimoja tu. Kikundi chenye moteri moja kinaweza kuitengenezesha kwa mwenye mashini ya kuchonga chuma. Na tusiwadharau mafundi wanaotumia ukanda wa bati na kolie: mikono ikiwa na subira, bati likiwa safi, kazi inatoka. Turnevisi ndiyo tunaikataa.

Cha pili ni kipimo cha majani, yale majani membamba ya chuma yenye namba. Ringi moja inawekwa ndani ya silinda peke yake, inanyooshwa kwa pistoni, halafu mnapima nafasi kati ya ncha zake. Kwa silinda ya milimita 100, nafasi ya 0,3 hadi 0,4 ni ya kawaida. Ikizidi sana, ringi siyo yake au silinda imekwisha. Ncha zikigusana, zitavunjika zikipata joto. Msichana wa darasa la sita anaweza kusoma namba hizo, mpeni kazi.

Spana ya kupima nguvu, ya kufungia bolti za kilase, ni ya lazima siku ile lakini ni ghali. Kodisheni. Koleo la kupanua ringi linaweza kungoja.

Siku ya kufunga, wamama wawili wakae pale. S195 inalala ubavu, kwa hiyo fundi anahitaji mtu wa kushikilia bendi igande kwenye silinda wakati yeye anasukuma. Ringi zenye neno TOP, neno lielekee kilase. Mikato isipangwe mstari mmoja. Mafuta yapakwe, pistoni isukumwe kwa mpini wa nyundo, taratibu. Ikikwama asipige: ringi moja imetoka, aanze upya. Akikasirika, mpeni chai.

Na ile nusu nyingine: vyombo vikinunuliwa kwa likirimba vinalala kwa mtunza vitu, vimeandikwa kwenye daftari, na fundi anasaini akichukua na akirudisha. Kikundi jirani kikivihitaji, kilipe kidogo.

Nunueni bendi na kipimo kabla moteri haijafunguliwa. Ikishafunguliwa itakaa wazi, inajaa vumbi, wakati mtu anazunguka Bunia kutafuta chombo.