Sayansi ya Siasa kutoka Garissa: Diplomasia au Hesabu?

Anayesomea sayansi ya siasa katika vyuo vikuu vya Kenya hufika mahali pa kuamua: abaki na shahada pana, au ajaze nafasi zake za masomo ya hiari kwa mkondo mmoja wa ubobezi, uwe uhusiano wa kimataifa, utawala wa umma au mbinu za utafiti na takwimu. Kwa kijana aliyelelewa Garissa, Wajir au Mandera, wengi huona jibu li wazi. Uhusiano wa kimataifa, basi.

Sababu zipo. Kambi za Dadaab ziko katika Kaunti ya Garissa tangu 1991, na magari ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekuwa kwa muda mrefu ishara ya kazi yenye mshahara wa maana. Mandera nako Kenya, Ethiopia na Somalia zinapakana. Machi 2020 vikosi vya serikali ya Somalia na vya jimbo lake la Jubaland vilipigana ng'ambo tu ya mpaka, na vita vikawafikia wakazi wa mji wa Mandera. Mtoto wa huko hajifunzi siasa za nje kitabuni.

Hata hivyo, ardhi inahama chini ya chaguo hilo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika yalipunguza wafanyakazi na mgao wa chakula kambini ukaminywa. Miezi miwili baadaye serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji katika makazi yenye huduma za pamoja. Ukitekelezwa, maji, shule na zahanati za Dadaab zitakuwa zaidi kazi ya serikali ya kaunti kuliko ya mashirika. Yaani hata suala la wakimbizi linaelekea kwenye utawala wa umma.

Na hapo ndipo historia ya eneo inapozungumza. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kule zilikoonekana zingezaa faida haraka, na Kaskazini Mashariki, lililokuwa katika vita vya Shifta na chini ya sheria ya hali ya hatari iliyodumu hadi 1991, likabaki nyuma. Katiba ya 2010 ilileta dawa mbili: ugatuzi, ulioanza kazi 2013, na Hazina ya Usawazishaji, inayopaswa kupata nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa.

Dawa zote mbili hupimwa kwa takwimu. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa wiki kadhaa juu ya fomula ya tatu, wengine wakidai "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", huku Garissa, Wajir na Mandera zikiwa miongoni mwa kaunti zilizokodolewa macho na hasara. Idadi yenyewe ina mgogoro. Matokeo ya sensa ya 2009 yalifutwa katika wilaya nane, tano kati yazo zikiwa za Kaskazini Mashariki. Sensa ya 2019 ikaipa Garissa watu 841,353, na Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ikabatilisha matokeo ya sehemu kubwa ya kaunti hizo tatu. Nani aliyebobea vya kutosha kumweleza jaji, au seneta wake, ni wapi hesabu ilikwenda kombo?

Bila shaka, mwenye takwimu tupu naye hupotea. Mnamo 2016 wazee wa ukoo wa Wagarre wa Mandera waliamua kwamba viongozi waliokuwa madarakani wasitetee viti vyao. Gavana Ali Roba alikaidi, akagombea 2017, akashinda. Jedwali la kura litaonyesha ushindi huo, lakini halitasema baraza la wazee lina nguvu kiasi gani na zinakomea wapi. Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake wa Wajir, walioanza kupatanisha koo mwanzoni mwa miaka ya 1990, walitegemea kujua nani anamsikiliza nani, ujuzi ambao hauhesabiki kwa urahisi.

Yote yakipimwa kwenye mizani, mkondo wa utawala wa umma uliochanganywa na takwimu ndio wenye faida zaidi kwa mwanafunzi wa eneo hili, huku historia na siasa za koo zikipewa nafasi katika tasnifu yake. Uhusiano wa kimataifa unaweza kungoja shahada ya uzamili. Asiyependa hesabu asijilazimishe. Shahada pana yenye alama nzuri inampeleka mbali zaidi kuliko ubobezi wa alama za kuburura.

Hazina ya Usawazishaji imewekewa uhai wa miaka 20 tangu katiba ianze kutumika, yaani hadi 2030, na Bunge lina uwezo wa kuirefusha. Wanaoingia mwaka wa kwanza sasa watakuwa wakihitimu karibu na wakati huo. Mjadala wa kuirefusha utahitaji watu wa Garissa wanaoweza kuonyesha, kwa mradi na kwa shilingi, kilichofika na ambacho hakikufika.