Nani Alizilipia Nyota Hizo?

Mnunuzi wa gari katika Afrika Mashariki anaibiwa mchana kweupe, na wanaomsaidia mwizi ni watu anaowashukuru. Anachukua mkopo wa SACCOS, anauza kiwanja cha Chanika au cha Kitengela, anaongezea na kiinua mgongo cha mzee, halafu uamuzi wa mamilioni hayo anamwachia kijana mwenye kamera na orodha ya nyota iliyotayarishwa Marekani. Miezi michache baadaye gari liko juu ya mawe gereji, mwenyewe yuko kwenye daladala, na marejesho ya mkopo hayamsubiri. Nasema bila kumung'unya maneno: sifa ya gari ambayo hujui nani kailipia, imetokana na gari la umri gani, na imepimwa kwenye barabara ipi, usiipe hata shilingi moja.

Tuanzie nyumbani. Zitazame video za kutathmini magari zinazorekodiwa kwenye yadi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Gari limeoshwa, matairi yamepakwa dawa mpaka yanang'aa, injini imepigwa maji ya presha hadi hakuna alama ya oili inayovuja. Mtangazaji anazunguka bodi, anafungua mlango na kuufunga ili usikie mlio wake. Anabonyeza vitufe vya dashibodi, kamera inasogezwa kwenye kilomita. Anakaa siti ya nyuma kuonyesha nafasi ya magoti. Anapiga stata, injini inaitika, anatabasamu. Kisha bei, namba ya simu ya yadi, na ile kauli ya kufungia: "Ukifika, mwambie nimekutuma mimi."

Kauli hiyo ndiyo mkataba wenyewe. Kamisheni inasubiri pale. Na sasa hesabu ya mambo ambayo mtangazaji hakuyafanya. Hakuingia chini ya gari kuangalia shokapu na bushi. Hakuchomeka mashine ya kusoma hitilafu. Hakuangalia rangi wala harufu ya oili ya gia. Hakulipandisha mlima likiwa na watu watano na kiyoyozi kimewashwa. Hakutaja bei ya spea hata moja. Amelisifu gari ambalo hajaliendesha mbali kuliko geti la yadi, na maelfu ya watu wameamini kwamba wameona uchunguzi. Waliloona ni tangazo, na tangazo lisilojitambulisha kuwa ni tangazo ni udanganyifu.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wazee walilisema hilo bila kujua magari, na wenye magari wamelithibitisha dunia nzima, tena kwenye taasisi zenye heshima kubwa. Mwaka 2005 Dan Neil, mhakiki wa magari wa gazeti la Los Angeles Times ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametwaa tuzo ya Pulitzer, aliliponda gari la Pontiac G6 na kuwashambulia wakubwa wa General Motors. Kampuni ikajibu kwa kuondoa matangazo yake kwenye gazeti hilo, ikarudi baada ya miezi kadhaa. Gazeti kubwa kama lile liliweza kuhimili. Jarida dogo linaloishi kwa kurasa tatu za matangazo ya magari lingefungwa. Baada ya tukio la namna hiyo, mhariri hahitaji kupigiwa simu na mtu yeyote. Anajua mwenyewe cha kufuta.

Ujerumani walifika mbali zaidi. ADAC, chama cha wenye magari kilichokuwa wakati huo na wanachama zaidi ya milioni 18, kilikuwa na tuzo ya gari linalopendwa na Wajerumani. Januari 2014 gazeti la Süddeutsche Zeitung likafichua kwamba kura zilipikwa. Volkswagen Golf, mshindi wa mwaka huo, ilitangazwa kuwa na kura 34,299. Kura halisi zilikuwa 3,409. Mkuu wa mawasiliano wa chama, Michael Ramstetter, akajiuzulu, na mwezi uliofuata rais wa chama, Peter Meyer, naye akaondoka. Tazama tena namba hizo mbili na uone jinsi uongo ulivyo mvivu: mtu alikaa ofisini akaandika kura mara kumi ya zilizopigwa, na nchi yenye wahandisi wengi kuliko nchi nyingi duniani ikameza. Ikiwa hilo liliwezekana kwenye chama cha watu milioni 18, nani atakuhakikishia ile tuzo ya "gari bora la mwaka" iliyoandikwa kwenye bango la yadi?

Lakini hata namba ambazo hazikupikwa zinatuumiza, kwa sababu tunazisoma kana kwamba zilitungwa kwa ajili yetu. Chukua J.D. Power ya Marekani, ambayo tuzo zake hutajwa kwenye matangazo kila kona, na kampuni za magari hulipia haki ya kuzitaja. Utafiti wake wa ubora wa awali unahusu siku 90 za kwanza za gari jipya. Ule wa kudumu unahusu magari ya miaka mitatu. Kinachohesabiwa ni idadi ya matatizo kwa kila magari 100, na ndani ya hesabu hiyo simu kukataa kuungana na redio ni tatizo, kama vile gia boksi kugoma ni tatizo. Mmarekani mwenye waranti na gari jipya kabisa huenda akafaidika na hesabu hiyo. Wewe unayenunua gari la miaka saba, lisilo na waranti, ambalo mwenye kuijua historia yake yuko Osaka, unafaidika na nini?

Haki ya mtu mpe. Wapo wanaofanya kazi hii kwa uadilifu. Consumer Reports, shirika la Marekani lililoanza mwaka 1936, hununua magari yake lenyewe kwa wauzaji bila kujitambulisha, halichukui matangazo, na huwauliza wanachama wake magari yao yameharibika nini. Agosti 2015 lilijaribu Tesla Model S P85D likaipa alama 103 kwa kipimo cha 100, jambo ambalo halijawahi kutokea. Oktoba ya mwaka huohuo, baada ya kusikia kutoka kwa wamiliki, likaondoa pendekezo lake kwa Model S kwa sababu ya uimara wake. Miezi miwili tu. Gari lilelile lililowasisimua majaribuni lilikuwa linawasumbua wamiliki wake barabarani, na shirika likawa na ujasiri wa kusema yote mawili hadharani. Nionyeshe mtangazaji mmoja wa yadi aliyewahi kurudi kwa wateja wake baada ya mwaka, akawauliza gari linaendeleaje, kisha akajikosoa mbele ya kamera ileile.

Sasa lipime jambo hili kwa gari moja linalopendwa sana huku kwetu: Mazda CX-5 yenye injini ya dizeli ya lita 2.2. Ilitwaa tuzo ya gari la mwaka la Japan kwa msimu wa 2012–2013, na kwa ulaji wa mafuta na nguvu ya kuvuta ilistahili kusifiwa. Sifa hizo zikasafiri nayo melini. Yasiyosafiri nazo ni haya yafuatayo. Kwenye ekzosi yake kuna chujio la masizi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue vizuri gari linahitaji kwenda mwendo mrefu bila kusimamasimama. Lipeleke kwenye foleni ya Mbagala au ya Mombasa Road kila asubuhi, kilomita tano kwa saa nzima, chujio linajaa bila kupata nafasi ya kujichoma. Kila likijaribu, dizeli ya ziada inaingizwa, na sehemu yake inateremka kwenye oili ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia oili cha injini hiyo utaona alama ya X juu ya alama ya kujaa. Kiwanda chenyewe kimeiweka pale kukuonya: oili ikipanda hadi hapo imechanganyika na dizeli, imwage. Fundi wa Ilala au wa Grogan anaijua hadithi hii kwa moyo. Mtangazaji wa yadi anasema tu kwamba gari "halili mafuta".

Ongeza na mafuta yenyewe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na ilikuwa hatua kubwa. Japan kiwango ni 10. Injini iliyosifiwa ikinywa mafuta ya kule inakuja kunywa ya huku, pamoja na yale yanayouzwa kwenye madumu ambayo hakuna anayejua yamechanganywa na nini. Hiyo nyota tano ya Tokyo inabaki Tokyo.

Kwenye usalama jambo ni zito zaidi, maana hapo kinachopotea ni uhai. Mwaka 2018 Global NCAP, shirika la kupima usalama wa magari, iliyagongesha magari yanayouzwa Afrika, na pikapu ya Nissan NP300 Hardbody iliyotengenezwa Afrika Kusini ikapata nyota sifuri kwa ulinzi wa watu wazima. Mwaka 2020 wakaigonganisha uso kwa uso pikapu mpya ya aina hiyo na Nissan Navara NP300 ya mwaka 2015 iliyonunuliwa Ulaya ikiwa imetumika. Kwa mujibu wa vipimo, dereva wa ile kuukuu ya Ulaya angeweza kutoka kwa miguu yake. Wa ile mpya ya Afrika pengine angekufa. Kampuni moja, jina linalokaribiana, mizani mbili za uhai wa binadamu. Anayekusomea nyota za Ulaya ili ununue gari la Afrika anakusomea cheti cha mtu mwingine.

Na uchungu mkubwa ni kwamba tathmini ya kweli mara nyingi ipo, imeandikwa kwa mkono, na inafichwa. Gari linapopita kwenye mnada wa Japan, mkaguzi asiyenufaika na mauzo hulijazia karatasi. Juu kuna daraja: 4.5, 4, 3.5, au R kwa gari lililopata ajali likatengenezwa. Pembeni herufi ya hali ya ndani. Chini umechorwa mchoro wa gari, na juu ya kila paneli yameandikwa mambo yake: A1 mkwaruzo mdogo, U2 mbonyeo, W palipopigwa ripu, S kutu, XX paneli iliyobadilishwa. Kilomita zimeandikwa, na maoni ya mkaguzi yapo. Karatasi hiyo ina ukweli zaidi kuliko video mia. Ndiyo maana dalali anakutumia picha yake iliyokatwa, inayoonyesha daraja tu bila ule mchoro, au anasema imepotea, au inakuja nyingine iliyochapwa upya daraja likiwa limepanda. Na gari lililoandikwa kilomita 160,000 mnadani linatokea yadi likiwa na 68,000, huku mtangazaji akiielekezea kamera dashibodi hiyo kwa furaha.

Watasema kijana anatafuta riziki, tumwache. Naiheshimu riziki ya dalali, kwa sababu dalali anajulikana ni dalali; ukikaa naye mezani unajua anavutia upande gani. Anayejiita mchambuzi huru huku akilipwa kwa kila gari linalotoka anachukua mshahara wa dalali na heshima ya daktari. Watasema pia kwamba mnunuzi ana akili zake, achunguze. Achunguze kwa kutumia nini, ikiwa kila chanzo anachofungua kimelipwa na muuzaji?

Kwa hiyo nataka mambo matatu, na nayataka kwa nguvu ya sheria. Kwanza, kila anayetathmini gari kwa umma aseme mwanzoni kabisa, kabla ya bei na rangi: gari ni la nani, nani kanilipa, napata nini likiuzwa. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003, Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012, na zote zinakataza kumpotosha mnunuzi. Tume ya Ushindani na wenzao wa Nairobi wazitumie kwenye mitandao kama wanavyozitumia dukani.

Pili, hakuna gari la mnada kuuzwa bila karatasi yake nzima, yenye namba ya chesesi, kukabidhiwa mnunuzi pamoja na tafsiri. Anayeiharibu au kurudisha kilomita nyuma ashtakiwe kama mwizi mwingine yeyote.

Tatu, tujipimie wenyewe. Taarifa tunazo, zimetawanyika tu. Kampuni za bima zinajua magari gani yanaletewa madai. Magereji yanajua gia boksi zipi zinakufa na kwa kilomita ngapi. Madereva wa teksi za mtandaoni wanayatumia magari hayahaya kutwa kucha na wanaijua kila spea kwa bei. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kina wataalamu. Wapewe kazi ya kukusanya taarifa hizo kila mwaka na kuchapisha, aina kwa aina, injini kwa injini, bila senti ya muuzaji wala ya kiwanda. Wamarekani walianzisha shirika lao 1936. Sisi tunangoja nini?

Mpaka wakati huo utakapofika, mnunuzi, usinunue video. Lipa fundi wako mwenyewe, ambaye yadi haimjui, alale chini ya gari. Dai karatasi nzima. Muulize kila anayekusifia gari maswali matatu: nani kakulipa, gari lina umri gani, limetembea barabara ipi? Asiyekujibu yote matatu, ondoka na fedha yako.