Usiniambie Nizitupe

Kila mgeni akiingia chumba changu hapa Bulla Iftin lazima aulize: hizi CD zote ni za nini? Kisha anatoa simu, ananionyesha YouTube, anacheka. Sawa, cheka. Ukimaliza, nisikize.

Ni CD 1,100 hivi. Aliniachia abti yangu, aliyekuwa na kibanda cha kurekodi nyimbo Soko Mugdi enzi ambazo flashi bado ilikuwa anasa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na sasa naandika vya watu kwa malipo ya kubahatisha. Kwa hivyo ukiniambia ninunue kabati la maana, nakuangalia tu.

Kusema eti kila kitu kiko mtandaoni ni maneno ya watu ambao muziki wao uko mtandaoni. Nusu ya CD za abti ni za kuchomwa: harusi za hapa mjini, akina mama wakiimba buraanbur, mtu mmoja ameshika rekoda. Nakala ni moja, zikizidi mbili. Kwa moja yao hooyo anaimba, sauti bado ya msichana. Hiyo utaitafuta Spotify kwa jina gani?

Na tusijifanye hatujui historia. Mwaka wa 1988, ndege za serikali ya Siad Barre zilipoupiga mji wa Hargeisa, kuna watu waliofukia kanda za redio ardhini ndipo zisiungue. Leo kituo cha utamaduni cha mji huo kina kanda zaidi ya 10,000. Mwaka wa 2017 kampuni ya Ostinato Records ya New York ilitoa baadhi ya nyimbo hizo kwenye albamu, Sweet as Broken Dates, ikateuliwa kuwania Grammy. Wenzetu walificha muziki chini ya mabomu. Sisi unatushinda chini ya kitanda?

Kisingizio ni pesa na nafasi. Nafasi kwanza. Ile kava ngumu ya plastiki ina unene wa karibu milimita 10, na CD yenyewe milimita 1.2. Maanake unahifadhi plastiki. Nilitoa zote, nikaweka kila CD kwa bahasha yake ya karatasi pamoja na karatasi ya jalada. Ukuta mzima ukaingia kwa katoni za viatu nilizopewa bure sokoni. Zisimame wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine. Andika jina kwenye bahasha, si kwenye CD: nyimbo zinakaa chini tu ya ule upande wa maandishi, na mkwaruzo hapo hauponi.

Adui wetu hapa ni joto. Abti aliweka zile za kuchomwa ndani ya sanduku la bati, karibu na ukuta wa mabati. Rangi inayobeba sauti ikapauka. Karibu 60 hazisomeki tena, na harusi zile hazitarudiwa. Weka katoni ukuta wa ndani, mbali na jua na mabati, zifunike na leso kwa ajili ya vumbi, uziinue juu ya mawe. Wale wa karibu na Tana walioona maji ya 2023 hawahitaji kuambiwa kwa nini.

Kisha nakili, ukianza na za kuchomwa. CD moja haizidi megabaiti 700 hivi, kwa hivyo hadi diski ya terabaiti moja inameza zote. Sina. Naazima ya jirani kila Ijumaa, na nimefika 214.

Kinachoniudhi si umaskini. Kinachoniudhi ni sisi vijana, tunaopost kila siku kuhusu utamaduni wetu huku sanduku la mama likipikwa na jua nyuma ya nyumba. Mvua ya gu inakuja. Nenda ulitoe leo, kabla hujapost tena.