Tui la nazi lisikatike

Mpishi yeyote wa Saadani anajua tui likiachwa hukatika: mafuta juu, maji chini. Mwaka 1907 Mwingereza Pickering alieleza jinsi chembe ngumu zinavyolizunguka tone na kuyazuia matone kuungana. Leo watafiti huweka tone la maji ndani ya tone la mafuta, nalo ndani ya maji, mafuta yapungue. Ugumu ni kwamba zinatakiwa chembe za aina mbili, za ndani zipendazo mafuta, za nje zipendazo maji. Wanga uliorekebishwa hufaa kwa nje. Muhogo na nazi Bagamoyo vipo, lakini mkulima bado anamuuzia dalali nazi nzima! TARI Mikocheni, wenye utafiti wa minazi, waketi na SIDO walijaribu hili na vikundi vya akina mama.