Kwari Ikiisha, Shimo ni la Nani? Watu wa Meru na Embu, Ulizeni Mapema

Kama umezunguka Meru na Embu, hayo mashimo unayajua. Lori zilibeba mawe na maram, barabara ikaisha, kontrakta akatoka mbio. Mvua ikinyesha shimo linajaa maji, watoto wanaenda kuogelea, na Kenya hii tumeshazika watoto wengi juu ya hiyo maneno. Huko Mbeere ni mchanga unaobebwa, mto unabaki mifupa.

Wengi wetu tunangoja kwari ifungwe ndio tupige kelele. Hapo umechelewa, buda. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mwenye kuomba leseni aonyeshe vile atarudisha ardhi, na inaruhusu serikali imwitishe dhamana ya pesa ya hiyo kazi. Yaani hatima ya shimo inaandikwa kabla jembe la kwanza kugusa udongo.

Mtu atakuambia tufanye kama Haller Park kule Mombasa. Sawa, ile ni story noma. 1971 René Haller alijaribu aina 26 za miti kwa kwari ya simiti ya Bamburi, zikashika tatu tu, mvinje ikiwa moja. Leo kuna twiga na viboko. Lakini ile ilikuwa kampuni moja kubwa, yenye doo na subira ya miaka mingi.

Huku kwetu kwari mingi iko kwa shamba la familia. Mwenye shamba anakodisha, analipwa kwa lori. Jirani anapata vumbi na nyufa kwa ukuta, na hakuna mtu alimuuliza kitu. Huyo jirani ndiye "jamii" inayotajwa kwa makaratasi. Mwenye shamba ameshakula yake, so usitegemee yeye akusemee.

Halafu baraza linaitwa Jumanne saa nne asubuhi. Wewe uko kwa boda, beshte yako yuko kwa miraa. Wanaosaini ni wazee watano na mtu wa kontrakta, na kwa ripoti inaandikwa wananchi walihusishwa. Katiba, kifungu cha 69, inataka umma uhusishwe kutunza mazingira. Haisemi lazima iwe Jumanne.

Kwa hivyo ukisikia kwari mpya inakuja kwenu, pitia kwa chief na mbogi yako. Uliza shimo litakuwa nini likiisha, dhamana ni pesa ngapi na inashikwa na nani. Jibu likuje likiwa limeandikwa.