Mvuvi Asiye na Kitambulisho Hapangi Bei

Linapozungumzwa suala la uraia, aghalabu husemwa kana kwamba ni la heshima tu. Ni la heshima, hapana shaka. Lakini ni la chakula cha watoto pia.

Watazameni Wapemba wa Kwale na Kilifi. Wazee wao walivuka bahari wakifuata samaki, wengine kabla ya uhuru wa Kenya wa 1963, wengine baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Wana wao wamezaliwa huku, na wengi wamezikwa huku. Hata hivyo, mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2023, wengi hawakuhesabiwa kuwa raia wa nchi yoyote. Asiye na kitambulisho hapati leseni ya uvuvi kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, wala hasajili laini ya simu, hivyo hata M-Pesa huiazima kwa jirani. Chombo atakiandikisha kwa jina la rafiki. Siku rafiki akigeuka, hana pa kushtaki. Akirudi ufukweni, mchuuzi anajua fika kwamba huyu anaogopa askari. Bei hupangwa na mchuuzi.

Basi nani hufaidika? Si yule jirani anayeambiwa kwamba mgeni atamla riziki yake. Samaki wanaouzwa kwa bei ya woga huishusha hata bei ya mvuvi mwenye leseni, na serikali nayo hukosa ada na kodi.

Muhajirina walipopokewa Madina, Saad bin Rabii (RA) alitaka kumgawia Abdurrahman bin Auf (RA) nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaanza na jibini na samli. Haukupita muda akawa ameoa kwa mahari ya dhahabu aliyoichuma mwenyewe. Twapenda kuusimulia ukarimu wa Saad, nao wastahili. Lakini mgeni yule aliomba njia ya kwenda sokoni, naye akaonyeshwa.

Haki hii haikuwashukia watu kama mvua. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi za mashamba, waliandamana kwa miguu kutoka Kwale mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa. Wanubi wa Kibera walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017, baada ya miongo mingi. Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kufuta msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani.

Tangazo ni jambo moja, karatasi ni jingine. Aliyezaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, ataulizwa ushahidi. Imamu aliyewaozesha wazazi wake ni shahidi, iwapo aliandika. Je, daftari la ndoa la msikiti wenu liko wapi, na nani analitunza?