Kano ya kisigino ikikatika: kisu au plasta?



Zamani mizigo ilipita Tabora mabegani mwa watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea mpaka Bagamoyo na kurudi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Leo tuna baiskeli na pikipiki pia. Lakini mkulima bado anaishi kwa miguu yake.

Shika mguu wako kwa nyuma, juu ya kisigino. Utagusa kitu kigumu kama kamba. Hiyo ni kano. Inaunganisha shavu la mguu na kisigino. Bila kano hiyo, huwezi kusukuma baiskeli yenye gunia la mahindi kwenye mchanga.

Kano ikikatika, mtu huhisi kama amepigwa teke kwa nyuma. Akigeuka, haoni mtu. Hawezi kusimama kwa vidole vya mguu huo. Mlaze kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda. Minya shavu la mguu. Kama kano ni nzima, unyayo utasogea. Kama imekatika, unyayo hausogei.

Wengi huogopa kisu. Hubaki nyumbani wakikanda mguu kwa maji ya moto. Hilo ni kosa. Wiki zikipita, kano huwa ngumu kutibu.

Hospitali kuna njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji. Daktari anashona kano. Ya pili ni plasta ngumu bila kisu. Vidole vinaelekezwa chini ili ncha za kano zikutane.

Ipi bora? Madaktari wa Norway walifuata wagonjwa 526. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja, miguu ya makundi yote ilifanya kazi sawasawa. Kwa wasiopasuliwa, kano ilikatika tena kwa watu 6 hivi katika kila 100. Kwa waliopasuliwa, hawakufika hata mtu 1 katika 100. Lakini kisu nacho kina hatari. Kidonda kinaweza kutunga usaha, na mishipa ya fahamu kuumia.

Kwa hiyo usiikimbie hospitali. Plasta pia inaponya, ikifungwa mapema. Zungumza na daktari, mchague pamoja.

Lakini kano iliyokatwa na panga, shoka au spoki za baiskeli ni jambo jingine. Funga kidonda kwa kitambaa safi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kidonda kisafishwe, kano ishonwe, na upate sindano ya kuzuia pepopunda.

Plasta ikitolewa, mguu bado ni dhaifu. Fanya mazoezi uliyoelekezwa. Usibebe mzigo mpaka daktari aruhusu. Nanyi majirani, mlimieni mwenzenu msimu huo.